Maswali ya Wafugaji: Je, Artemia Humsaidia Kifaranga Kusaga Chakula?

Maswali ya toleo hili yanahusu chakula hai cha vifaranga wa samaki, yaani vile viumbe vidogo vya majini vya jamii ya kamba na kaa: artemia, moina na dafnia. Mengi yamegusa neno ambalo wauzaji wa vyakula wamelipenda sana siku hizi, vimeng'enya, au enzaimu kama wengine wanavyosema, yaani vile vitu vya mwilini vinavyovunjavunja chakula.

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Nina kituo kidogo cha kuzalisha vifaranga wa kambare. Artemia wa kopo, yaani mayai makavu ninayoyaangua, wananimaliza kifedha. Muuzaji mmoja anasema siri ya artemia ni vimeng'enya vilivyomo mwilini mwao, kwamba ndivyo vinavyomsagia kifaranga chakula kwa kuwa tumbo lake halijakomaa. Anataka kuniuzia unga wa vimeng'enya nichanganye na chakula cha unga, niachane na kopo. Kuna ukweli hapo? – Mfugaji, Mwanza

JIBU: Habari ya tumbo la kifaranga kutokomaa ni kweli, ile ya vimeng'enya vya artemia kumsagia iliwahi kuaminiwa na wataalamu wenyewe, na huo unga wa vimeng'enya usikutoe pesa mfukoni.

Kweli ni kwamba kifaranga wa kambare anapoanza kula, siku ya tatu hivi tangu kuanguliwa katika maji ya nyuzijoto 28, hana tumbo linalofanya kazi. Ana utumbo mfupi, ini, na kongosho linalotoa tripsini, kimeng'enya cha kuvunja protini, na wenzake. Asidi na pepsini, vile vinavyovunja protini ngumu ndani ya tumbo la samaki mkubwa, bado. Kwa kambare wetu, Clarias gariepinus, tumbo huanza kazi siku nne au tano baada ya kuanza kula.

Kutokana na hali hiyo, mwaka 1977 watafiti wawili wa Poland, Dabrowski na Glogowski, walitoa wazo kwamba samaki asiye na tumbo hukopa vimeng'enya vya windo lake. Wazo lina mantiki. Artemia anayekula ana tripsini yake, ana amilesi ya kuvunja wanga, na akimezwa mwili wake hupasuka na vyote humwagika ndani ya utumbo wa kifaranga. Baadhi ya vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba mchango wa windo ni mkubwa. Lakini kujua kiasi cha tripsini kilichomo ndani ya windo ni jambo moja, kujua ni kiasi gani kinafanya kazi ndani ya utumbo wa aliyemla ni jambo jingine. Mwaka 1998 huko Japani, Kurokawa na wenzake walipima kwa vifaranga wa sadini waliolishwa rotifa, viumbe vidogo mno vya majini, wakakuta vimeng'enya vya windo ni asilimia 0.6 tu ya nguvu yote ya kuvunja protini iliyomo utumboni. Kifaranga anajisagia mwenyewe.

Basi kwa nini artemia anafanya kazi na unga unashindwa? Sababu ziko mbili na zote ni za kawaida. Ya kwanza, artemia anachezacheza majini, na kifaranga hukimbilia kinachocheza. Unga huzama, ukakaa chini, ukaoza. Ya pili ni kubwa zaidi: sehemu kubwa ya protini ya artemia inayeyuka kwenye maji, na humo mna amino asidi ambazo tayari ziko huru. Hiyo ni kazi ndogo kwa kongosho changa. Protini ya unga wa samaki imepikwa na kukaushwa hadi ikashikana, inahitaji tumbo lenye asidi ambalo kifaranga hana.

Kuhusu unga wa vimeng'enya, fikiria papai bichi linavyolainisha nyama. Ni kimeng'enya kweli, lakini nyama unaipaka na kuiacha. Chakula hakikai muda huo ndani ya utumbo wa kifaranga. Tena chembe ya unga yenye upana wa robo milimita ikiingia majini, vimeng'enya vilivyopakwa juu yake huanza kuyeyuka kabla haijafika mdomoni. Unanunua vimeng'enya vya kusaga maji ya tangi. Walichofanikiwa nacho watafiti Zambonino Infante na Cahu, Ufaransa, kwa vifaranga wa samaki wa baharini ni kinyume chake: walichanganya kwenye chakula kiasi cha wastani cha protini iliyokwisha kuvunjwa kiwandani. Walipozidisha, vifaranga wakadhoofu.

Ukitaka kupunguza makopo, punguza siku. Kambare anahitaji artemia mpaka tumbo lifunguke, siku nne au tano za kula. Siku ya nne ya kula anza kumchanganyia unga laini wenye protini ya asilimia 50 au zaidi, chembe za mikroni 200 hadi 300 (robo milimita hivi): toa unga kwanza, subiri dakika kumi, ndipo umwage artemia. Punguza artemia kila siku na kufikia siku ya saba au ya nane uwe umemaliza. Na usimwage nyingi kwa pamoja. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, artemia hufa ndani ya nusu saa mpaka saa moja, kwa hiyo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu kinafaa kuliko kikombe kizima asubuhi na jioni. Kifaranga aliyezungukwa na artemia wengi mno humeza mfululizo, cha mbele kinasukumwa na cha nyuma, na ukitazama kinyesi kwa lenzi unawakuta artemia ndani yake hawajaguswa. Hapo kilichokosekana ni muda wa kusaga.

SWALI: Artemia wangu wakianguliwa wana rangi ya machungwa, baadaye wanapauka. Vifaranga wanakula vizuri, matumbo yanajaa, lakini hawakui kama wa jirani yangu anayetumia kopo lilelile. Ninaweka mayai saa 12 jioni na kuanza kulisha saa 2 asubuhi ya kesho kutwa, nawatumia siku nzima. – Mama Mfugaji, Morogoro

JIBU: Mama, umejijibu mwenyewe kwenye saa ulizoandika. Kutoka saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi ya kesho kutwa ni saa 38. Mpaka jioni ya siku hiyo zimefika 48. Mayai mazuri katika joto la nyuzi 28 huanguliwa ndani ya saa 18 hadi 24. Wewe unalisha artemia waliofunga.

Artemia aliyetoka kwenye yai ana urefu wa karibu nusu milimita, na ile rangi ya machungwa ni akiba ya kiini. Mdomo wake umefungwa, na sehemu ya kutolea haja nayo imefungwa. Hali kitu hata ukimwagia chakula cha mfalme. Baada ya saa nane hivi hujivua ngozi, mdomo unafunguka, utumbo unaanza kutoa vimeng'enya na anaanza kuchuja chochote kidogo kuliko mikroni 50. Kama majini hamna kitu, anaendelea kuila akiba yake. Katika joto la nyuzi 28, saa 24 bila chakula humpunguzia robo ya uzito na nguvu, wakati mwingine zaidi. Anakuwa mrefu zaidi, mwepesi zaidi wa kukimbia, na hana kitu ndani. Kifaranga wako anatumia nguvu nyingi kumkamata artemia mtupu.

Panga upya hivi. Chukua chupa kubwa ya maji ya kunywa, ile ya lita 18 au 20, ikate kitako na uisimamishe mdomo chini. Kwa lita 10 za maji weka gramu 250 hadi 300 za chumvi na gramu 10 za sodiamu baikaboneti, ile soda ya kupikia ya dukani, ili pH, kipimo cha uchachu wa maji, isishuke chini ya 8. Mayai gramu 20, usizidishe. Hewa ipite kwenye mpira mtupu ulioshuka mpaka shingo ya chupa. Usifunge jiwe la hewa: mapovu yake madogo hutengeneza povu juu na kuyatupa mayai kwenye kuta, yakakauka huko. Washa taa karibu na chupa, hasa saa za mwanzo, maana mwanga ndio unaoliamsha yai. Maji yakiwa nyuzi 24 au chini yake, kama ilivyo Morogoro usiku wa Julai, ongeza hita ya tangi au utegemee kuchelewa kwa saa kadhaa, na waliochelewa hawatoki kwa pamoja.

Uweke mayai saa 4 usiku, uvune saa 2 usiku ya kesho yake. Zima hewa dakika tano mpaka kumi. Maganda yatapanda juu, mayai yasiyoanguliwa yatatua chini kabisa shingoni, na artemia watakusanyika chini karibu nayo hasa ukiwawekea taa huko. Mwaga kikombe cha kwanza, ndimo yalimo mayai mabovu, kisha pitisha wanaofuata kwenye chujio la mikroni 120 na uwasuuze vizuri, kwa sababu maji ya kuangulia yamejaa bakteria.

Wote uliovuna hutawalisha papo hapo. Waweke kwenye ndoo safi ya maji ya chumvi ndani ya friji, nyuzi 4, na hewa kidogo. Kwa baridi hiyo hasara ya siku nzima haifiki asilimia tano, na unaweza kuwabana mpaka milioni nane kwa lita. Umeme ukikatika, kasha la barafu linatosha. Barafu iwe kwenye chupa zilizofungwa, isiyeyukie ndani ya maji yao.

Ukitaka kujua kama artemia wako wamefungua mdomo, chukua kijiko chao, weka ncha ya kisu ya unga wa spirulina, subiri nusu saa, suuza, tazama kwa lenzi yenye mwanga kwa nyuma. Mwenye uzi wa kijani katikati ya mwili amekwisha kuanza kula. Ukiona wengi wana uzi huo, umechelewa, au sivyo uwalishe kwanza kabla ya kuwalisha vifaranga. Wafugaji wa samaki wa baharini hufanya hivyo makusudi: artemia hana kabisa mafuta aina ya DHA ambayo samaki hao hawawezi kuyakosa, kwa hiyo husubiri mdomo ufunguke na kuwanywesha mafuta yaliyokorogwa na maji. Kwa kambare huna haja ya shughuli hiyo.

SWALI: Nafuga sato. Je, ninunue artemia kwa ajili ya vifaranga? – Msomaji, Jinja

JIBU: Hapana. Kifaranga wa sato hutoka na kifuko kikubwa cha kiini, mdomo mpana na utumbo uliokwisha jiandaa. Anaanza na unga laini siku ya kwanza anayoogelea. Pesa hiyo iweke kwenye unga wenye protini nzuri.

SWALI: Nilikuwa na moina wazuri kwenye matangi matatu ya lita 500. Nilikuwa nawalisha hamira. Ili kupunguza gharama nikaanza unga wa soya ulioloweshwa na kuchujwa, na maji ya kijani ninayochota ziwani. Ndani ya wiki wamepungua sana, waliobaki hawana mayai, wengine wana kitu cheusi mgongoni. Matumbo yao yamejaa kabisa, hawakosi chakula. – Kijana wa Homa Bay

JIBU: Umesema neno muhimu: matumbo yamejaa. Moina aliyekufa njaa ana utumbo mweupe. Wako wanakula lakini hawasagi, na hapa ndipo vimeng'enya vina neno la kweli la kusema.

Moina na dafnia hawana tumbo la asidi. Utumbo wao ni bomba moja, pH karibu na 7 kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kazi yote ya kuvunja protini inabebwa na tripsini na kaimotripsini. Samaki mkubwa tripsini ikikwama, pepsini ya tumboni imekwisha kufanya sehemu yake. Moina hana wa pili wa kumtegemea.

Soya mbichi imebeba dawa za kuzuia tripsini, ndiyo namna mbegu inavyojilinda isiliwe. Moja ilitengwa na Kunitz katika miaka ya 1940 na mpaka leo maabara huitumia kuizima tripsini. Kuloweka na kuchuja hakuiondoi. Kwa kweli umeitoa kwenye maharage na kuiingiza kwenye maziwa yako. Moto ndio unaoiharibu. Chemsha maziwa ya soya nusu saa yakitokota, ukikoroga yasiungue, ndipo yapoe na utumie.

Maji ya ziwa ni shauri la pili, na pengine ndilo lililowaua. Ule ukijani wa Ghuba ya Winam, unaotanda juu kama rangi iliyomwagika, mara nyingi ni Microcystis. Huo si mwani wa kawaida, ni bakteria wa kijani. Baadhi ya aina zake zina sumu ya ini, lakini hata zisizo na sumu hiyo zinaweza kuwa na vizuizi vya tripsini na kaimotripsini. Kimoja kati yake, mikroviridini J, kimeonekana kumzuia dafnia asiweze kujivua ngozi: tripsini imefungwa, ngozi ya zamani haitoki, mnyama anakwama ndani yake na kufa. Ukikuta moina wamekufa wakiwa na vipande vya ngozi ya zamani vinavyoning'inia kwenye miguu na antena, ndiyo alama yake. Aidha Microcystis hujikusanya kwenye vifundo vyenye ute ambavyo moina mdogo hawezi kuvimeza, na vikifika mdomoni vinamziba.

Kile cheusi mgongoni ni mayai ya dhiki. Moina akiona hali imeharibika, huacha kuzaa watoto hai na kutengeneza yai lenye ganda gumu la kungoja siku njema. Usiyatupe. Kausha matope ya kitako cha tangi, yahifadhi, ndiyo mbegu yako ya dharura.

Kabla ya kuanza upya, pima. Chukua mitungi mitatu ya lita moja ya maji yaliyokaa siku mbili na kupigwa hewa. Kila mmoja weka moina 25 wakubwa. Wa kwanza mpe hamira, wa pili maziwa ya soya yaliyochemshwa, wa tatu ya soya mbichi. Kipimo kiwe kidogo, maji yawe na ukungu hafifu ambao bado unaona kidole chako upande wa pili. Mtungi wa maji ya ziwa unaweza kuwa wa nne. Siku ya tano hesabu. Moina mzuri katika joto la nyuzi 26 huanza kuzaa akiwa na siku nne hadi saba, na kila siku moja na nusu au mbili anatoa kundi jingine, kwa hiyo tofauti haijifichi.

Ukirudi kwenye matangi, hamira gramu 2 hadi 4 kwa lita 100 inatosha kuanzia, na mbegu moina 25 kwa lita. Ukungu ukiisha ndipo uongeze. Hamira ikizidi huoza na kuleta amonia, na moina wakigeuka wekundu ujue hewa imepungua, wanatengeneza himoglobini ili waistahimili. Wekundu wanapendeza machoni, wauzaji wengine huwasifia, lakini ni onyo. Kwa maji ya kijani yatengeneze mwenyewe kwenye beseni juani, kwa samadi ya kuku iliyokauka ndani ya gunia, na uyapitishe kwenye kitambaa kabla ya kuyatumia. Kila siku vuna robo ya moina na si zaidi.

SWALI: Huku Gongoni, kwenye mabwawa ya chumvi, kuna artemia wakubwa wekundu wengi sana. Nilivuna ndoo nzima nikaiweka kwenye friza ya nyumbani. Nilipoyeyusha nikapata uji wa machungwa unaonuka. Nimekosea wapi? – Mvunaji, Malindi

JIBU: Hao ni kizazi cha artemia wa Marekani waliomwagwa kwenye mabwawa ya chumvi ya pwani hiyo miaka ya 1980, na ni chakula kizuri mno: mkubwa ana urefu wa milimita 8 hadi 10, na zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu ni protini.

Uji ule umepikwa na artemia wenyewe. Mnyama anapokufa, vimeng'enya vya utumboni havifi naye. Ukuta wa utumbo unalegea, tripsini inatoka na kuanza kula mwili uliokuwa wake. Ndoo nzima kwenye friza ya nyumbani huganda pembeni kwanza, na katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, kazi ikiendelea. Halafu kuganda polepole hutengeneza chembe kubwa za barafu zinazotoboa mwili, kwa hiyo ukiyeyusha, kilichobaki kinamwagika. Zile amino asidi tulizozisifu kwenye jibu la Mwanza ndizo za kwanza kutoroka.

Vuna asubuhi mapema au jioni. Waache saa moja au mbili kwenye maji safi ya chumvi yenye hewa wamwage tope la tumboni. Suuza haraka kwa maji baridi, kamua maji kwenye kitambaa, na uwapakie wakiwa bado hai kwenye mifuko ya plastiki, bapa, unene usiozidi sentimita moja. Panga mifuko bila kuibananisha, ikigusa bamba la friza. Wakiganda kabisa ndipo uipange kwa wingi. Wakati wa kulisha usiyeyushe ndani ya maji ya ndoo: vunja kipande, kitie kwenye chujio, kipitishe maji ya chumvi kidogo, mwaga kwenye tangi. Mfuko ulioyeyuka haurudi friza.

SWALI: Maganda ya artemia yananisumbua, nimesikia yanaweza kuondolewa kwa jiki. Ni kweli, na mayai yaliyovuliwa ganda yanaliwa bila kuanguliwa? – Msomaji, Kigali

JIBU: Yanaliwa. Watafiti wa Wageningen, Uholanzi, walikuza vifaranga wa kambare wetu kwa mayai hayo na vifaranga wakakua vizuri. Na tazama: hapo hakuna utumbo wala artemia anayeogelea, ni kiini laini tu. Hiyo nayo inatuonyesha uzuri wa artemia uko wapi.

Kwa gramu 10 za mayai: yaloweke saa moja kwenye maji baridi yenye hewa mpaka yawe duara kamili. Dawa inayohitajika ni nusu gramu ya klorini kwa kila gramu ya mayai, ndani ya mililita 14 za mchanganyiko. Kwa jiki ya asilimia 3.5 hesabu inaangukia karibu sawasawa, mililita 140 bila kuongeza maji. Soma lebo, iwe isiyo na manukato wala sabuni, na isiwe imekaa juani dukani, maana nguvu hupotea. Ongeza gramu 1.5 za kostiki ya watengeneza sabuni, ukivaa glavu na miwani, nje penye upepo. Weka chombo ndani ya beseni la barafu, tia mayai, koroga bila kuacha. Rangi itatoka kahawia, itakuwa kijivu, kisha machungwa. Joto lisifike nyuzi 40, hapo kiinitete kinakufa. Kwa kawaida ni dakika 5 hadi 15. Yakishageuka machungwa toa mara moja, usingoje yang'ae. Suuza kwenye chujio la mikroni 120 mpaka harufu iishe, kisha yachovye dakika moja kwenye maji yenye gramu moja ya sodiamu thiosalfeti kwa lita, na usuuze tena. Siki isikutane na jiki kabla ya kusuuza: itatoa gesi ya klorini.

Kasoro ni moja, yanazama na hayachezi. Hewa ya tangi iyazungushe, na masalia yafyonzwe kila jioni. Yanayobaki yahifadhi kwenye maji yaliyoshiba chumvi, gramu 300 kwa lita, ndani ya friji, gizani.

SWALI: Nasoma shahada ya pili, napima vimeng'enya vya artemia na moina. Tripsini yangu inabadilika kila nikirudia, na nimepata protini ikivunjwa hata kwenye pH 4. Niandike kwamba artemia ana pepsini? – Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Usiandike. Hawa hawana pepsini. Unachokiona kwenye pH 4 ni kathepsini, vimeng'enya vya ndani ya chembe hai. Yai la artemia lina ya kutosha, hutumika kuvunja akiba ya kiini. Ndiyo maana hata artemia ambaye mdomo haujafunguka ataonyesha kazi ya kuvunja protini. Ukisaga mwili mzima hujui kimeng'enya kimetoka utumboni au kwenye kiini, kwa hiyo taja umri kwa saa tangu kuanguliwa, na joto, kwenye kila sampuli.

Kubadilikabadilika huanzia kwenye usagaji. Chuja, suuza kwa maji yaliyosafishwa, kausha kwa karatasi, pima nusu gramu na uisage na mililita 5 za bafa ya Tris, milimola 50, pH 8, yenye kloridi ya kalsiamu milimola 20. Saga juu ya barafu, sekunde 30 mara tatu na mapumziko kati yake. Mashine ya kusagia hupata moto na tripsini huanza kujila yenyewe. Zungusha kwenye sentrifuji kwa g 10,000 dakika 15 kwenye nyuzi 4. Gawanya maji ya juu kwenye vichupa vidogo, kila kimoja kiyeyushwe mara moja tu. BAPNA, ile dawa inayogeuka njano tripsini ikiivunja, haiyeyuki kwenye maji, ianze kwenye kiyeyusho cha DMSO. Soma kwenye nanomita 410, kigawo cha ufyonzaji wa mwanga 8,800, na ugawe kwa miligramu za protini. Kila safu iwe na sampuli yako iliyochemshwa dakika tano. Isiposoma karibu na sifuri, kinachobadilika rangi si kimeng'enya.

Mashine ya kusomea ikiharibika, bado una njia ya zamani kama utapata kipande cha filamu ya eksirei iliyokwisha kusafishwa, ile nyeusi. Weusi wake ni madini ya fedha yaliyoshikwa na jelatini. Dondosha mikrolita 20 za sampuli yako, pembeni yake tone la iliyochemshwa, funika isikauke, iache saa moja kwenye nyuzi 37, halafu suuza kwa maji ya bomba ukisugua kidogo kwa kidole. Penye tripsini jelatini imeyeyuka na weusi umeondoka nayo. Unaona upande wa pili kama kupitia kidirisha. Penye tone lililochemshwa pamebaki peusi.